Wimbo Wenye Pengo

Simu ililia tena Madeleine akiwa amekwisha vaa koti, yuko mlangoni.

"Dada, jeneza linafungwa." Alikuwa Emery, mdogo wake, kutoka Bukavu. "Muage hata kwa neno moja. Nitamwekea simu sikioni."

"Baba yako huyo. Mimi fundi nguo hakunizaa."

Akakata. Kweli, Jean-Bosco, fundi huyo, alimlea. Mkono ule wa vidole vinne ndio uliomshonea sare zote za shule. Lakini mtaa mzima ulimwita Madeleine mtoto wa mwalimu, yule Mhaiti aliyeshinda kwao kila Jumapili na gitaa, wimbo ni ule ule, kisha akarudi Haiti, Madeleine hajaota hata meno yote. Mama aliuimba wimbo huo jikoni mpaka akafa; akiulizwa baba wa mtoto ni nani, asikubali, asikane. Madeleine aliubeba hadi kambi ya wakimbizi, akaja nao Sweden, akimwimbia kila Mhaiti aliyekutana naye: unamjua mwenye huu?

Na leo bendi ya Wahaiti ilikuwa Norsborg, hapo hapo Sweden, ikiwachangia ndugu zao waliokumbwa na tetemeko.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umechangamka kwa kompa, dansi ya Haiti. "Mbona ni rumba yenu hii!" alicheka Paskalia, rafiki yake Mtanzania. "Imevuka bahari, imerudi na kofia mpya. Mado, kiuno kimeganda?"

Madeleine hakumsikia. Mzee wa gitaa alikuwa ameuanza wimbo ule. Ule ule, na pengo lake: kila mzunguko, pale pale, sauti moja haipigwi, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika.

Ulipoisha, alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee, machozi yanamtiririka.

"Mwalimu Alphonse. Wa Bukavu."

"Mungu wangu! Nani ananijua huku kwenye barafu?"

"Huo wimbo ulimtungia mtoto. Alipozaliwa."

"Mimi?" Mzee akainua mikono: vidole kumi, vizima vyote. "Mimi nilikuwa mwanafunzi tu, mwanangu. Kila Jumapili nikifundishwa na fundi nguo mmoja, barazani kwake. Yeye ndiye aliyemtungia bintiye. Nilipoondoka akanipa na gitaa lenyewe, hili hapa. Pengo hilo ni la kidole chake. Miaka arobaini sijathubutu kuliziba."

Akaitazama simu mkononi mwa Madeleine.

"Kumbe unatoka kule? Basi mpigie, nimsalimu."