Katikati ya Aya

Picha iliganda wakati mwana wa Shamsa yuko katikati ya aya, mdomo wazi, kwenye mashindano ya kuhifadhi Kurani yaliyorushwa moja kwa moja kutoka Dar. Sauti nayo ikakatika.

Mama yake Shamsa, ambaye haoni, akajisogeza karibu na televisheni. "Mbona kanyamaza? Kasahau?" Ndiye aliyemfundisha mjukuu sura hiyo.

"Hajasahau, mama. Ni king'amuzi hiki."

"Usinifiche." Akaanza kumkumbusha neno linalofuata, kwanza polepole, kisha kwa sauti ya juu, kiganja kimegandamana na kioo chenye joto.

Fundi aliyekifunga asubuhi, ambaye alikuwa bado yupo akikusanya vifaa vyake, akajikung'uta mikono. "Hapa Igogo majabali yanaziba mawimbi, dada. Ila yakikamata, picha inang'aa hiyo!"

"Picha ya kumwonyesha nani?" Shamsa akamgeukia. Matangazo ya zamani, kabla ya ving'amuzi, yalijaa chenga, lakini sauti ilifika, na mama hakuhitaji kingine.

Fundi akabeba mkoba wake. Shamsa akamtangulia mlangoni, akaukomea mlango.

"Hutoki. Nenda ukamwambie mama mwenyewe kwamba mtoto hajasahau."

Nyuma yao, bibi alikuwa anairudia aya tangu mwanzo, sasa akilia.