Kila Mtu na Mwisho Wake

Siku hizi filamu humwishia kila mtu kivyake, kwa kuwa simu inajua moyo wa mwenyewe unataka nini. Tangazo la filamu hii lilizagaa mitandaoni wiki nzima: "Tuonyeshe mwisho wako." Majirani walishaonyesha miisho yao.

Rukia aliitazama kwenye kochi, mumewe Kombo kwenye kiti cha dirishani, kila mmoja na simu yake. Ilipoisha, Rukia akaifunika yake mapajani.

"Mbona huweki mwisho wako mtandaoni, Mama Salha?" Kombo akamuuliza.

"Kwangu mke alifungasha nguo, akaondoka."

Kombo akavua miwani.

"Hata kwangu aliondoka. Ila mume alimfuata."

"Akampata?"

"Imeisha bado anatembea."

Rukia akasogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye kochi.