Wageni wa Mji wa Mtoni

Zuhena alikuwa hajapata kukutana na mwongozo mtamu wa mchezo kama ule. Siku hizi kila kitabu cha michezo ya mezani, ile ya kurusha dadu na kujifanya mashujaa wa nchi ya kubuni, huja na wenyeji wake walio hai. Ukifungua ukurasa, wanakukaribisha. Kazi ya Zuhena ilikuwa kuvisoma na kuwaeleza wachezaji ni kipi kinawafaa, na hiki cha Nchi ya Kidere kilimnogea mpaka wali ukaungua jikoni asisikie hata harufu.

"Karibu mgeni!" alisema Mama Sihaba, muuza maandazi wa mji wa mtoni, kutoka katikati ya ramani. "Umetupenda?"

"Mno! Wanaoanza kucheza hawatapotea, njia zenu zimenyooka. Wapenda mafumbo watang'ang'ania lile pango. Lakini wapenda vita, dada yangu, hao ndio watapagawa! Lango moja tu la kuvamia, nyumba za makuti, na nyuma mto mkubwa, hakuna pa kukimbilia!"

"Nani akimbie?"

"Ninyi," alisema Zuhena, bado anacheka.

Mama Sihaba alijifuta unga mikononi. "Na hao wageni hupenda kula nini? Nianze kupika mapema."

 Zuhena akakifunga kitabu taratibu.

Mara kaka zake wakaingia na dadu zao, wakigombea viti vya karibu.

"Dada, ndicho hiki unachokisifia? Kifungue basi, tuingie vitani!"

Zuhena akaweka kiganja juu ya jalada. Chini yake, kwa mbali, alisikia sahani zikipangwa.