Chupa Iliyoandikwa Dawa

Bi Salha alishuka ngazi za ghorofa akiwa ameishika chupa ya maji kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na dawa ya mende iliyobaki, nyeupe kama maziwa. Ubavuni mwa chupa, mwanawe alikuwa ameandika neno moja tu: DAWA.

Chini, karibu na taka, pipa jekundu lilikuwa na kufuli. Mlinzi Shomvi aliisoma chupa, akatabasamu.

"Mama, pipa hili ni la sumu. Dawa tupa kule kwenye taka za kawaida."

"Hii inaua mende, Shomvi."

"Basi itupe tu. Mwenye ufunguo harudi mpaka jioni."

Kwenye taka za kawaida, Nyambuli mwokota chupa alikuwa ameinama, akichagua zile nzuri. Ndizo alizokuwa akitilia togwa na kuuza getini.

"Nitamngoja," alisema Bi Salha.

Aliazima kalamu nene ya mlinzi, akalikata lile neno, akaandika SUMU. Kisha akageuza ndoo, akaketi mbele ya kufuli, chupa mapajani.

Nyambuli alisogea, akayatazama maandishi kama mtu anayetazama ua la kanga.

"Dada, ukishamaliza hayo maziwa, nigawie chupa."

Bi Salha akakikaza kifuniko, akaikumbatia.