Mwombaji wa Tisa

Mlango ulipofunguliwa, mwombaji wa tisa aliyeingia alikuwa binti wa kaka yangu.

Mimi ni mshauri wa ajira wizarani, na siku ile nilikuwa kwenye jopo la usaili. Asubuhi ile nilikuwa nimesaini kwamba sina ndugu kati ya waombaji, na majina sikuyasoma, chai ilikuwa inapoa. Kosa kama hilo ni la kufukuzwa kazi.

Nilimwomba kimoyomoyo asiniamkie. Hakuniamkia. Alikaa kitini, kifungo cha juu cha shati lake kikirukaruka kwa mapigo ya moyo.

“Binti, kuna unayemfahamu humu ndani?” mwenyekiti wa jopo akauliza.

“Hakuna, mheshimiwa.”

Basi tukawa waongo wawili, naye akidanganya kwa ajili yangu.

“Afadhali. Juzi tumemtimua mtu, alikuwa anambeba shemeji yake.”

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, jasho likinitiririka mgongoni.

“Mzee, leo umemeza ulimi?” mwenyekiti akanigeukia. “Muulize swali.”

Binti akanitazama kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kidogo sana. Nisiseme.

Nikaiweka kalamu chini.

“Mwenyekiti,” nikasema, “huyu ni mwanangu.”