Kisigino cha Tunu

Gizani, kijiko kiligonga ukingo wa kikombe. Aliyekigonga ni Mwalimu, kifaa cha kuzoeza masikio. Kila jioni huzima taa ili wazee wasichungulie.

"Umesikia nini, Bi Mwajabu?" kikauliza, kama kawaida yake.

"Mvua!" akajibu mama mkwe wangu.

Mwanangu Tunu akacheka. Mimi sikuweza. Sheria ya siku hizi inasema mzee asiyefaulu mazoezi haachiwi mtoto, na bila Mama nani angemlea Tunu niende masomo ya jioni?

Na kifaa chenyewe ati watengenezaji wamekibuni pamoja na Mama. Waliwaita wazee wenye masikio mazito, wakawapa soda na vitenge, wakawapiga picha. Picha yake ipo kwenye boksi la kifaa mpaka leo. Aliwaambia, "Wanangu, mjukuu wangu akinitaka hupiga kisigino sakafuni, nami namsikia kwa nyayo. Wekeni na hilo." Wakamsifu sana kwa wazo zuri. Hawakuliweka.

Taa zikawaka. Mwalimu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Hajafaulu. Kuanzia kesho mtoto asibaki naye peke yake."

Mama alikuwa bado anatabasamu. "Nimepata, mama Tunu?"

Tunu akapiga kisigino sakafuni, na bibi yake akageuka papo hapo, mikono ameshaifungua. Mtoto akakitazama kile kifaa.

"Bibi ananisikia mimi," akakiambia.