Pa Kurudi

Limi na mumewe walikuwa wamepumzika kwenye magofu huko Ugiriki, mabegi yao ya mgongoni yako chini, mama yake alipopiga simu kutoka Shinyanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, kuna watu wanaingiza vitanda kwenye nyumba yenu ya Ngokolo. Wanasema wameinunua."

Limi alimgeukia mumewe. Alikuwa akimenya chungwa taratibu, ganda likining'inia refu bila kukatika.

"Umeuza nyumba yetu?"

"Kila siku unataka turudi. Nikaona bora tusiwe na pa kurudi."

Limi aliyatazama mabegi. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye begi la mumewe.

"Mama, usikate simu," alisema. "Wewe, nipe pasi yangu."

Mumewe alilivuta begi, akalikumbatia.

Limi akaushika mkanda wa begi kwa mikono miwili.